Pawasaplai ya mezani inatekenya vidole, na redio ya boti inazima nikibonyeza kutuma

langoni_fundi (Lamu)

Asalaam aleikum mafundi. Nina pawasaplai ya mezani ya volti 30, ampea 10, zile nyepesi zisizo na transfoma kubwa ndani. Si mpya. Kazi yake hapa ni redio za VHF za boti na simu. Kabla sijaifunga kwenye kitu cha mteja nataka kujua inapimwa vipi, maana kuna mambo matatu hayaniingii akilini.

La kwanza, nikigusa boksi lake la chuma au tundu jeusi nikiwa pekupeku sakafuni, vidole vinatekenywa. Mita kwenye AC, kati ya tundu jeusi na ethi ya soketi, inasoma volti 118. Waya uliokuja nayo una plagi ya pini mbili za mviringo. Naiingiza kwa kufungua tundu la ethi la soketi kwa kalamu, kama kila mtu.

La pili, hilo tundu la kijani kati ya jekundu na jeusi ni la nini hasa?

La tatu, redio ya wati 25 inasikiliza vizuri kwa volti 13.8, lakini nikibonyeza kutuma inazima na kuwaka upya. Skrini ya pawasaplai inabaki 13.8 vilevile. Nyaya za kutolea ni zile nyekundu na nyeusi za kwenye boksi, zenye klipu za mamba.

Kuna aliyeniambia niunge ethi na nyutro ndani ya plagi, mtekenyo utaisha. Nifanye?

---

mkomani_elektro

Wa aleikum salaam. Nianze na hilo la mwisho: usifanye, na aliyekushauri asiguse plagi za watu. Pini mbili za mviringo zinaingia soketi yetu upande wowote. Leo pini fulani iko kwenye nyutro, kesho umeigeuza iko kwenye laivu, na kama umeiunga na boksi, boksi lote lina volti 240 kamili. Hata ukiwa na pini tatu zilizokaa sawa, nyutro ikikatika mahali popote kabla ya soketi yako, boksi linapanda volti kupitia chombo chenyewe. Mtekenyo wa sasa ni mdogo. Huo utakuwa mwingine kabisa.

Sasa chanzo. Pawasaplai za aina hiyo zina chujio kwenye mlango wa stima: kapasita moja ndogo kutoka laivu kwenda boksi, nyingine kutoka nyutro kwenda boksi. Mara nyingi ni nanofaradi 2.2 au 4.7. Ethi ikiwepo, kinachopita humo kinashuka ardhini na hukijui. Ethi isipokuwepo, boksi linaelea katikati ya laivu na nyutro, yaani karibu volti 120. Hiyo ndiyo 118 yako. Kwa nanofaradi 4.7 mkondo unaoweza kukupitia ni kama miliampea 0.35: unatekenya, hauui. Lakini kwa simu ni hadithi nyingine. Ncha ya pasi ya kulehemu yenye ethi ikigusa bodi ya simu inayoelea kwenye volti 118, kapasita zinajimwaga kupitia IC (chipu za simu), na utabaki kumlaumu aliyeuza simu.

Hakikisha kwanza ni hilo tu na si insulesheni iliyokufa. Zima, shika kwa klipu rezista ya kiloomu 100, wati 1, kati ya tundu jeusi na ethi ya soketi. Weka mita ya AC sambamba nayo, toa mikono, washa. Ikiwa ni kapasita tu, volti zitaanguka hadi 30 na kitu au chini yake. Zikibaki juu, 100 au 200 na ushei, kuna uvujaji wa kweli ndani: chomoa, usiitumie.

Dawa ya mtekenyo ni waya wa kompyuta wa pini tatu, plagi ya kwetu, fyuzi ya ampea 5 ndani. Pawasaplai hiyo ikitoa wati 300 inavuta ampea 2 hadi 2.5 hivi ukutani, ila inapowaka inameza mkupuo mkubwa kwa kufumba na kufumbua, ndiyo maana fyuzi ya 3 wakati mwingine inakatika bila kosa. Waya wenyewe upime kabla ya kuuamini, kuna nyingine sokoni zina pini ya ethi lakini ndani hakuna uzi wa tatu. Gusanisha ncha za mita uone zinasoma ngapi zenyewe (0.2 au 0.3), kisha pima kutoka pini ndefu ya plagi hadi skrubu ya boksi wakati plagi iko nje ya soketi. Ukiondoa ile ya ncha, ibaki chini ya omu 0.5. Tikisa waya ukipima. Namba ikirukaruka, tupa.

Na soketi yenyewe? Laivu na nyutro 240 hivi, laivu na ethi iwe karibu sawa na hiyo, nyutro na ethi volti chache tu. Ukiona laivu-ethi 110 au 150, ethi ya nyumba inaelea. Lamu hili si la kupuuza: fimbo ya ethi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu inaweza kuwa na omu 100 au zaidi. Laivu ikigusa boksi, 240 kwa 100 ni ampea 2.4, na fyuzi ya 5 haitashtuka hata kidogo. Kwa hiyo meza ya fundi iwe na swichi ya RCD (inayokata stima ikivuja ardhini) ya miliampea 30, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara. Chumvi inazigandisha.

Kitu cha mwisho, geuza pawasaplai utazame nyuma. Kama kuna swichi nyekundu ya 115/230, iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwetu, kapasita za ndani zinapokea karibu mara mbili ya volti zilizoandikiwa, na zinapasuka.

---

waya_mwekundu

Mkomani kamaliza la stima. La redio ni nyaya zako, karibu niape.

Skrini inaonyesha volti za pale kwenye matundu, haijui redio inapata ngapi. VHF ya wati 25 ikituma inavuta ampea 5 hadi 6. Zile nyaya za boksini unazikuta na omu 0.2 au 0.25 kila mmoja, shaba kidogo plastiki nyingi, na klipu imebanwa tu bila lehemu. Chukua omu 0.5 kwenda na kurudi, zidisha kwa 5.5: umepoteza volti 2.75 njiani. Redio inabaki na 11.05. Nyingi zimeandikwa 13.8 kutoa au kuongeza asilimia 15, yaani chini ya 11.7 zinaweza kujizima.

Usiniamini, pima. Weka ncha za mita kwenye waya wa redio yenyewe, mwanzoni kabisa, kisha bonyeza kutuma. Ikishuka chini ya 12 umepata jibu.

Tengeneza nyaya zako: shaba ya milimita za mraba 2.5, mita moja mwekundu na mita moja mweusi. Hiyo ni omu 0.015 kwa jumla, hasara haifiki volti 0.1. Lehemu, usikunje tu. Upande wa pawasaplai tumia plagi za banana zenye skrubu, au vua waya uzungushie chini ya kifuniko cha tundu na ukaze. Upande wa redio, klipu za mamba usitumie kabisa kwa ampea 5, mdomo wake ukipata ukijani wa chumvi unachemka. Fyuzi ya waya wa redio ibaki mahali pake.

Jambo la pili ni kikomo cha mkondo. Kama umekiweka ampea 5 na redio inataka 5.6, taa ya CC (pawasaplai inashikilia mkondo usizidi kikomo) itawaka kidogo na volti zitaporomoka. Weka 7.

Na kabla hujabonyeza kutuma ndani ya duka: lazima kuwe na antena au mzigo bandia wa omu 50 unaobeba wati 25 au zaidi. Bila hivyo transista ya mwisho inaweza kufa. Usijaribie chaneli 16, hiyo ni ya watu walio taabuni baharini.

---

langoni_fundi

Shukran sana. Waya wa pini tatu umepatikana: omu 0.1 baada ya kutoa ya ncha, na tundu jeusi kwa ethi sasa inasoma volti 0.4 AC. Kwenye redio na nyaya za zamani nimepata 11.2 ikituma, kwa hiyo waya_mwekundu umepiga penyewe.

Bado nauliza vipimo vya pawasaplai yenyewe. Nimesikia watu wanafunga balbu kwa mfululizo kwenye laivu kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Na hiyo CC naiwekaje nikiwa na uhakika, maana kitufe chake hakina namba.

---

BiTausi (Malindi)

Fundi, tundu la kijani limesahauliwa, nianze nalo. Hilo ni boksi, na boksi ni ethi. Jekundu na jeusi vinaelea, havijaungwa na ethi mpaka wewe uviunge. Ukipima omu kati ya jeusi na kijani, pawasaplai ikiwa imechomolewa, utapata mamilioni ya omu au mstari mtupu. Ukipata sifuri, kuna kibati cha kuunganisha nyuma au kuna ubovu.

Kwa simu mimi napendekeza uunge jeusi na kijani kwa kipande kifupi cha waya, ili bodi na ncha ya pasi viwe sawa. Kwa kazi nyingine uache. Hatari inakuja pale hasi ya kifaa si ethi, au unapofunga pawasaplai mbili kwa mfululizo kupata volti 60 na zote mbili zina hicho kiungo: moja inapigwa shoti kupitia waya wa ethi. Klipu ya ethi ya osiloskopu nayo ni vivyo hivyo. Ukiibana kwenye chanya wakati hasi iko kwenye kijani, umeweka shoti kwa mkono wako mwenyewe. Kompyuta yenye chaja ya pini tatu ikiungwa kwa USB na unachotengeneza, nayo imeleta ethi bila kukuuliza.

Sasa vipimo, pakiwa hapana kitu kilichofungwa.

Geuza vitufe vyote hadi chini kabisa ndipo uwashe. Panda polepole: 5, 12, 13.8, 20, 30, kila mahali linganisha skrini na mita. Tofauti ya volti 0.1 haina shida. Ikifika nusu volti, fuata mita yako, usifuate skrini. Zungusha kitufe cha volti mbele na nyuma ukiitazama mita. Kikirukaruka (na vya zamani vya pwani vinarukaruka, chumvi hiyo) usikiguse tena ukishafunga simu. Kirukaji cha namna hiyo kinaweza kutoka 4 hadi 12 kabla hujapepesa jicho. Kibadilishe, au kisafishe kwa dawa ya kusafisha vitufe vya redio.

Weka mita kwenye AC, mizani ya milivolti, kwenye matundu: unatafuta mawimbi. Milivolti 10 hadi 20 ni sawa kwa aina hii. Ukiona mia na zaidi, kapasita za kutolea zimechoka.

CC inawekwa hivi. Volti 5, kitufe cha mkondo chini kabisa. Unganisha jekundu na jeusi kwa waya mnene. Hapana, haiungui, hiyo ndiyo kazi ya CC. Taa ya CC inawaka na volti zinakuwa karibu sifuri. Pandisha mkondo mpaka skrini isome unachotaka, tuseme ampea 1. Ondoa waya. Kikomo kimewekwa, na hukuhitaji namba kwenye kitufe. Ukitaka kuhakiki skrini, badala ya waya tumia mita kwenye tundu la 10A, ila angalia kilichoandikwa hapo, nyingi zinaruhusu sekunde 10 tu kwa mkondo mkubwa. Ukimaliza tu, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti. Ncha ikisahaulika kwenye 10A na ukaenda kupima soketi ya ukutani, unapiga shoti stima nzima ukiwa umeishika.

Mzigo: balbu ya taa ya mbele ya gari, volti 12, wati 55. Inavuta kama ampea 4.6. Ikiwa baridi ina omu chache mno, kwa hiyo ukiwasha utaona CC kwa muda mfupi kisha inarudi CV (inashikilia volti ulizoweka). Kawaida hiyo. Balbu mbili sambamba ni kama ampea 9. Ziache nusu saa usikilize feni na uguse plagi za banana. Zikichoma vidole, hazijakaza. Volti zisishuke zaidi ya 0.1 pale kwenye matundu. Kioo cha balbu hizo kinaunguza, uiweke juu ya kigae, usiiweke juu ya meza ya mbao.

Kipimo kimoja watu wanakiruka nacho ndicho kinachoua simu: mruko wa volti wakati wa kuwasha na kuzima. Mita ya kawaida inasoma polepole, haiuoni. Chukua dayodi 1N4148 na kapasita ya mikrofaradi 1, ya filamu, si ya elektroliti. Dayodi kutoka jekundu kwenda kapasita, mwisho wa pili wa kapasita kwenye jeusi, mita ya DC juu ya kapasita. Weka volti 5, zima na washa kwa swichi kuu huku ukitazama. Inatakiwa kusoma karibu 4.5 na kushuka taratibu. Ikisoma 8 au 15, mruko upo, na kuanzia hapo sheria ni moja: swichi kuu inawashwa na kuzimwa pakiwa hapana kitu kwenye matundu. Kifaa kinaunganishwa na kuachanishwa kwa kitufe cha OUTPUT.

Na usitegemee CC ilinde LED au IC unapoigusisha wakati OUTPUT iko wazi (imewashwa). Ndani kuna kapasita ya kutolea iliyojaa, inajimwaga yote kabla CC haijaamka. OUTPUT zima, unga, ndipo uwashe.

---

mkomani_elektro

Nakubaliana na Bi Tausi. La balbu ya mfululizo lahitaji maelezo. Kwa pawasaplai nzito ya transfoma ni kipimo kizuri: balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 (ya LED haifai) inang'aa kidogo kisha inafifia. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti ndani. Kwa hii yako ya swichi (nyepesi, isiyo na transfoma kubwa), tazama sekunde mbili za mwanzo tu. Kuangaza mara moja na kuzima ni vizuri. Kupepesa kila mara hakumaanishi ubovu, inajaribu kuamka na balbu inainyima volti. Usiifungie mzigo ikiwa na balbu, haitatulia.

Ukitaka kuifungua kusafisha ukungu wa chumvi uliovutwa na feni: ndani kuna kapasita zenye volti 340 hivi hata baada ya kuchomoa. Chomoa, ngoja dakika tano, kisha zimwage kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyolehemewa kwenye nyaya zenye insulesheni. Shikilia sekunde kumi na tano na upime kwa mita ya DC mpaka uone chini ya volti 5. Bisibisi si kifaa cha kumwagia kapasita. Safisha kwa brashi na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ikauke kabisa kabla ya kurudisha stima. Mwenye mega (kipima insulesheni) ya volti 500 apime laivu na nyutro zikiwa zimeungwa pamoja dhidi ya boksi, ivuke megaomu 1.

---

langoni_fundi

Mruko nimepima: 4.6, kumbe salama. Swali la mwisho, kuna wateja wananiletea betri za boti za 12V 100Ah. Naweza kuzichaji na hii?

---

waya_mwekundu

Unaweza, ukijua betri ni chanzo chenyewe. Tatizo linakuja stima ikikatika: betri inarudisha mkondo ndani ya pawasaplai. Ukiigeuza chanya na hasi, dayodi ya kinga iliyo ndani inapokea mamia ya ampea na inakwenda na njia zake za shaba.

Kwa hiyo, kwenye waya wa chanya, weka dayodi ya Schottky ya ampea 20 ikiwa imefungwa kwenye kipande cha alumini (kwa ampea 10 inatoa joto la kama wati 5), na fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na nguzo ya betri, si karibu na pawasaplai. Kikomo ampea 8, usiikamue 10 kamili siku nzima kwenye joto letu. Volti weka 14.4 kwa betri za risasi, lakini zipime kwenye nguzo za betri baada ya dayodi, na urekebishe volti hizo tena pale mkondo ukishashuka chini ya ampea 2, kwa sababu dayodi inakula volti kidogo kuliko mwanzo mkondo ukipungua. Ukifika ampea 1 au 2, toa, au shusha hadi 13.6.

Mita kwanza kwenye nguzo kujua ipi ni chanya, rangi ya waya wa boti usiiamini. Betri ikisoma chini ya volti 10 anza na ampea 2. Isipopanda juu ya 11 ndani ya saa mbili, kuna seli imekufa, mrudishie mwenyewe. Unga nyaya zote OUTPUT ikiwa imezimwa, na mwisho wa kazi zima OUTPUT kabla ya kutoa klipu, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa haidrojeni na cheche moja inatosha. Dirisha wazi.

Na stima ikikatika katikati ya kazi, zima swichi ya ukutani usisubiri irudi. Baadhi ya hizi zinakumbuka kwamba OUTPUT ilikuwa wazi na zinarudi hivyohivyo, nyingine hazikumbuki. Yako ijaribu na balbu ya gari ujue ni ya kundi gani.